Oili Inayovuja Kati ya Injini na Giaboksi ya Mkono: Namna ya Kutafuta Chanzo na Kukiziba

Doa la oili linapoonekana sakafuni, chini ya mahali ambapo injini inaungana na giaboksi, watu wengi, mafundi wakiwamo, hutoa hukumu papo hapo: sili ya nyuma ya kreniki (pete inayozuia oili pale shafti kuu ya injini inapotokea nyuma) imekwisha, giaboksi ishushwe. Mara nyingine hukumu hiyo ni sahihi. Mara nyingine giaboksi hushushwa, sili mpya hufungwa, kila kitu hurudishwa mahali pake, na baada ya siku tatu doa liko palepale, kwa sababu oili ilikuwa ikitoka kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) na kuteremka taratibu kwa nyuma ya injini mpaka chini. Sili yenyewe ni kitu kidogo kinachoenea kiganjani. Kazi kubwa ni kuifikia, kazi ambayo kwa mtu mmoja asiye na vifaa vya gereji inaweza kumaliza siku nzima au zaidi. Kwa hiyo mwongozo huu unatumia nafasi kubwa kwenye kutafuta chanzo, na nafasi ndogo zaidi kwenye kufungua boliti.

Maelezo haya yanahusu magari ya giaboksi ya mkono yenye klachi kavu, yawe yanavuta kwa magurudumu ya mbele au ya nyuma.

Kilichomo ndani ya chumba hicho

Kati ya injini na giaboksi kuna chumba ambacho hapa tutakiita nyumba ya klachi. Ndani yake mna flaiwili (gurudumu zito linalofungwa nyuma ya kreniki), klachi pleti, presha pleti (inayoibana klachi pleti kwenye flaiwili) na rilizi beringi (inayoisukuma presha pleti ili iachie), na chumba chote kinapaswa kuwa kikavu wakati wote, kwa kuwa klachi hufanya kazi kwa msuguano na oili ni adui wa msuguano. Upande wa injini, sili ya nyuma ya kreniki inaizuia oili ya injini isiingie. Upande wa giaboksi, sili ya shafti inayoingia kwenye klachi inaizuia oili ya gia. Katika magari mengi ya miaka ya karibuni kuna kitu cha tatu: silinda ya chini ya klachi (ile inayosukuma rilizi beringi) imewekwa ndani ya chumba chenyewe, ikiizunguka shafti, nayo hutumia mafuta ya breki.

Zaidi ya hapo, kuna njia ndogo za kupenyea ambazo husahaulika. Katika injini kadhaa, matundu ya boliti za flaiwili yametoboka mpaka ndani ya injini, hivyo boliti isiyopakwa gundi ya nyuzi (ya kuziba mikato ya boliti) hupitisha oili taratibu. Vizibo vya njia za oili vilivyo nyuma ya bloku, na gasketi ya sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini) kwenye kona zake za nyuma, navyo hulaumiwa mara chache ingawa vina hatia mara nyingi.

Hatua ya kwanza: tambua ni oili gani

Weka kadibodi nyeupe chini ya gari usiku kucha, kisha asubuhi uchunguze kilichodondoka. Oili ya injini iliyokwisha kutumika huwa ya kahawia hadi nyeusi, na kwenye injini ya dizeli huwa nyeusi tii. Oili ya gia kwa kawaida ni nzito zaidi, ina rangi ya asali, na ina harufu kali ya salfa ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau tena. Harufu hiyo hutokana na viambato vinavyolinda meno ya gia dhidi ya mgandamizo mkubwa. Hata hivyo, usitegemee pua peke yake, kwani zipo giaboksi za mkono zinazotumia oili nyepesi, hata ile nyekundu ya giaboksi za otomatiki, na zipo zinazotumia oili ya injini yenyewe. Kitabu cha gari kitakuambia yako ni ya aina gani.

Mafuta ya breki ni mepesi, hayana utelezi mzito wa oili, na hula rangi ya gari. Njia nyepesi ya kuyatofautisha ni kudondosha matone machache kwenye glasi ya maji: oili huelea juu na kufanya duara zinazong'aa, ilhali mafuta ya breki huchanganyika na maji na kupotea.

Baada ya hapo, pima viwango vyote vitatu. Chomoa dipstiki ya injini, fungua kizibo cha kujazia cha giaboksi gari likiwa limesimama sawasawa, na utazame kopo la mafuta ya klachi. Kinachopungua ndicho kinachovuja. Hili linasikika kama jambo la mtoto mdogo, lakini nimeona giaboksi ikishushwa mara mbili kwa kosa la kutolifanya.

Ikiwa kinachovuja ni mafuta ya breki, gari lisiendeshwe mpaka litengenezwe, kwa sababu klachi inaweza kukataa kuachia katikati ya barabara, na magari mengi hutumia kopo moja kwa klachi na breki.

Hatua ya pili: safisha, kisha fuata unyevu kutoka juu

Oili haidondokei pale inapotokea. Huteremka kwa uzito wake, husukumwa nyuma na upepo gari linapokwenda, kisha hujikusanya mahali palipo chini kuliko pote, na mahali hapo, katika magari mengi, ni ukingo wa chini wa nyumba ya klachi. Kwa hiyo injini iliyojaa uchafu wa miaka haiwezi kukuambia chochote. Ioshe kwa dawa ya kuondoa grisi, ukiwa umefunika altaneta na viungo vya umeme kwa mfuko wa plastiki, suuza bila kupiga maji kwa nguvu kubwa, na uache ikauke kabisa.

Washa injini ipate moto, endesha gari kwa dakika 15 hadi 20 kwa mwendo wa kawaida, kisha lizime na uanze kukagua kwa tochi na kioo kidogo chenye mpini. Tafuta unyevu ulio juu kabisa na mbele kabisa; chanzo hakiwi chini ya hapo. Anza na kona za nyuma za tapeti kava, ambako gasketi hukauka na kuwa ngumu kama plastiki. Endelea kwenye swichi ya presha ya oili, ambayo mara nyingine huvuja kupitia tundu lake la waya, kisha makazi ya filta ya oili, bomba la kurudishia oili la tabo kama lipo, na distribyuta kwenye injini za zamani. Malizia kwa mshono wa sampu.

Unyevu usipojionyesha, paka unga wa talki sehemu zilizokauka, uwashe injini tena, na utaona michirizi ikichora njia yake kwenye weupe. Njia bora zaidi ni rangi inayong'aa kwenye taa ya urujuanimno (UV): hutiwa kwenye oili, gari huendeshwa siku moja au mbili, kisha taa humulikwa gizani na chanzo hujianika. Ukiwa na mashaka kati ya oili mbili, tia rangi kwenye moja tu kwanza.

Sasa geukia nyumba ya klachi. Nyingi zina kifuniko cha bati au cha plastiki kwa chini, au tundu la kukagulia lililozibwa kwa mpira. Lifungue. Ukuta wa ndani ukiwa mkavu huku wa nje ukiwa umelowa, acha giaboksi ilipo, kwa kuwa oili inatoka juu. Ndani pakiwa pamelowa, ingiza kamera ndogo ya waya kama unayo na utazame ni upande gani wa flaiwili umelowa: upande unaotazama injini huelekeza kidole kwenye kreniki, boliti za flaiwili au vizibo vya bloku, upande wa klachi na kuta za nyuma huelekeza kwenye giaboksi.

Hatua ya tatu: uliza kwa nini sili imeshindwa

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Sili huchakaa kwa umri, ni kweli, lakini sili nzuri ikisukumwa na presha kutoka ndani itavuja hata ikiwa mpya. Injini yoyote hupitisha gesi kidogo pembeni mwa ringi za pistoni, na gesi hizo hutolewa kupitia vali ya kupumulia inayozirudisha kwenye njia ya hewa. Vali au mpira wake ukiziba kwa masizi, presha hujaa ndani na hutafuta sili dhaifu kuliko zote. Injini ikiwa inanguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili na uweke karatasi laini juu ya tundu. Karatasi ikivutwa kidogo au ikitulia, hali si mbaya. Ikirushwa juu kwa nguvu, safisha au badilisha vali na mipira yake kabla ya kugusa kitu kingine. Ikiwa upumuaji ni mzuri na karatasi bado inarushwa, ringi zimechoka, na sili mpya haitadumu.

Giaboksi nayo hupumua kupitia kifereji kidogo chenye kofia kwa juu. Tope likikiziba, oili ya gia inapopata moto hutanuka na kusukuma sili. Nakumbuka gari moja nililolibadilishia sili ya giaboksi nikaona fahari, kumbe kofia ya kipumulio ilikuwa imejaa udongo mkavu. Baada ya majuma mawili nilikuwa chini ya gari lilelile, nikiwa na spana zilezile. Kagua pia kama injini au giaboksi haijajazwa oili kupita kiasi.

Jambo la mwisho ni kulegea kwa kreniki. Injini ikiwa imezimwa, mwombe mtu akanyage pedali ya klachi na kuiachia huku wewe ukitazama puli ya mbele. Puli ikionekana waziwazi kwenda mbele na kurudi, washa (vibamba vyembamba) za kuizuia kreniki isisogee mbele na nyuma zimelika, na hilo ni tatizo kubwa kuliko sili.

Kabla ya kuamua kushusha, pima pia hali ya klachi. Katika gia ya juu na mwendo mdogo, kanyaga mafuta kwa nguvu: mzunguko wa injini ukipanda bila gari kuongeza kasi, pleti inateleza. Gari likitetemeka linapoanza kuondoka, huenda oili imekwisha kufika kwenye pleti. Kwa maoni yangu, sili inayotoa jasho tu, isiyopunguza kiwango cha oili kwa kiasi cha kuhesabika, inaweza kungoja mpaka siku ya kubadilisha klachi, mradi vipumulio viwe vimesafishwa. Dawa za chupa zinazodaiwa kuziba uvujaji hufanya kazi kwa kulainisha na kuvimbisha mpira. Huenda zikapunguza jasho hilo kwa muda, lakini mdomo wa sili uliochanika hazitauponya.

Hatua ya nne: shusha giaboksi

Ondoa waya wa hasi wa betri. Pandisha gari juu ya stendi imara kwenye sakafu ngumu, na usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja. Legeza kizibo cha kujazia oili ya gia kabla ya kufungua kile cha kumwagia. Ukimwaga kisha ukakuta cha juu kimeng'ang'ania, gari halitaondoka hapo. Kwenye gari linalovuta kwa mbele ni lazima kumwaga oili kwa kuwa shafti za magurudumu zitachomolewa. Kwenye linalovuta kwa nyuma, ziba mkia wa giaboksi baada ya kutoa propela shafti.

Fungua stata, waya za swichi ya rivasi na ya spidi, vyuma vya kubadilishia gia, pamoja na kebo au silinda ya klachi. Silinda ikishatolewa, pedali isikanyagwe. Boliti za giaboksi hutofautiana urefu, kwa hiyo chora umbo la giaboksi kwenye kadibodi na uchomeke kila boliti mahali pake. Tegemeza injini kwa chini, ukiweka ubao kati ya jeki na sampu, kwani maunti (viegemeo vya injini na giaboksi) zikifunguliwa injini itainama.

Giaboksi inaweza kuwa na kilo 30, na nyingine huzidi 50. Tumia jeki yake au watu wawili, na uivute nyuma ikiwa imenyooka. Usiiache hata mara moja ining'inie kwa shafti yake ndani ya klachi pleti.

Hatua ya tano: soma kabla ya kufuta

Kishawishi cha kwanza ni kuchukua kitambaa. Kizuie. Piga picha kwanza, kwa sababu oili iliyotapakaa ndani ni ushahidi wa mwisho ulio nao. Michirizi inayotoka katikati ya flaiwili kuelekea ukingoni, upande wa injini, ni ya sili ya kreniki. Michirizi inayoanzia kwenye kichwa cha boliti moja ni ya boliti hiyo. Unyevu kwenye bomba la rilizi beringi na kwenye meno ya shafti ni wa giaboksi. Oili inayoshuka kutoka juu ya bloku huku sili ikiwa kavu ni ya kizibo au ya tapeti kava.

Vumbi la klachi lifutwe kwa kitambaa kilicholowa na lisipulizwe kwa hewa, kwani pleti za zamani zaweza kuwa na asbesto. Legeza boliti za presha pleti kidogo kidogo kwa mkingamo (boliti moja, kisha ile inayoikabili), weka alama ya mahali flaiwili ilipokaa, kisha itoe.

Hatua ya sita: badilisha sili

Kabla ya kung'oa sili ya zamani, pima imezama kiasi gani ndani ya makazi yake. Ing'oe kwa kifaa butu, au toboa tundu dogo kwenye bati lake, ufunge skrubu na kuivuta kwa koleo. Kinachotakiwa ni kutogusa shafti kabisa, maana mkwaruzo mdogo unaosikika kwa ukucha unatosha kupitisha oili. Safisha, kisha pitisha ukucha juu ya kreniki pale mdomo wa sili ulipokuwa. Ukikuta mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, una njia mbili: kuvalisha kreniki mkono mwembamba wa chuma (bomba fupi linalofunika sehemu iliyolika) uliotengenezwa kwa kazi hiyo, au kuifunga sili mpya ikiwa imetofautiana kina na ya awali kwa milimita 1 au 2, endapo makazi yake yanaruhusu, ili mdomo ukae kwenye chuma kisicholika.

Zitambue aina za sili. Ile ya mpira yenye springi ndogo hupakwa oili safi kwenye mdomo kabla ya kufungwa. Ile yenye mdomo mpana wa tefloni, usio na springi, hufungwa kavu kabisa, shafti ikiwa safi na kavu, kwa kutumia kikombe cha plastiki kinachokuja nayo, na mara nyingi mtengenezaji huagiza injini isiwashwe kwa saa kadhaa ili mdomo ujishike. Kuipaka oili sili ya tefloni ni kosa linalofanywa kwa nia njema, na matokeo yake ni kuvuja tangu siku ya kwanza. Kwa aina zote mbili, mdomo mkuu hutazama upande wa oili.

Ingiza sili kwa kuigonga taratibu kuizunguka, ukitumia bomba au ubao bapa unaolingana nayo, mpaka ikae sawa pande zote. Injini nyingine huja na sili ikiwa ndani ya bamba lake. Hapo badilisha gasketi ya bamba au upake silikoni mpya, na uhakikishe ukingo wake wa chini unaolalia sampu umezibwa vizuri. Boliti za flaiwili zinazopenya mpaka ndani ya injini zipakwe gundi ya nyuzi, na zile ambazo kitabu kinasema ni za kutumika mara moja zibadilishwe.

Upande wa giaboksi, sili hukaa ndani ya bomba ambalo rilizi beringi huteleza juu yake. Ukilifungua, angalia kama kuna shimu (washa nyembamba za kurekebisha nafasi) nyuma yake na uzirudishe kwa mpangilio uleule. Funga meno ya shafti kwa tepu nyembamba kabla ya kupitisha sili mpya, ili yasiukate mdomo wake. Giaboksi ikiwa imeshushwa tayari, badilisha sili hii hata kama kosa lilikuwa la injini.

Hatua ya saba: klachi na kurudisha

Klachi pleti iliyokunywa oili itupwe. Wapo wanaoiosha kwa petroli, wapo wanaoichoma moto, lakini nyuzi zake zimekwisha kunywa, na ikipata joto huitoa oili tena. Flaiwili isafishwe kwa dawa ya kusafishia breki na kukaguliwa kama ina nyufa au madoa ya bluu ya kuungua. Rilizi beringi, na silinda ya ndani kama ipo, zibadilishwe sasa.

Panga pleti kwa kifaa chake cha kulenga katikati, upande ulioandikwa wa flaiwili ukitazama flaiwili. Kaza presha pleti kwa mkingamo, mizunguko michache kila boliti, kisha umalizie kwa spana ya kupimia nguvu kwa kiwango cha kitabu. Paka grisi kidogo sana kwenye meno ya shafti na ufute iliyozidi. Hakikisha pini za kulengea zipo mahali pake, kisha sukuma giaboksi mpaka igusane na injini yenyewe. Ikikataa, iweke kwenye gia na uzungushe mkia wake taratibu mpaka meno yalingane. Usiivute kwa kukaza boliti: utavunja masikio yake au kupinda pleti.

Hatua ya nane: jaza na thibitisha

Jaza oili ya gia ya aina iliyotajwa kwenye kitabu, mpaka ianze kutoka kwenye tundu la kujazia gari likiwa sawasawa. Aina ya GL-4 na GL-5 (madaraja mawili ya oili ya gia) si kitu kimoja, na baadhi ya oili za GL-5 hula shaba ya vilinganishi vya gia (vinavyosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana). Toa hewa kwenye mfumo wa klachi, rudisha betri, washa injini na utazame chini kabla gari halijashuka kwenye stendi.

Katika siku za mwanzo tone moja moja linaweza kudondoka, kwa kuwa oili ya zamani hubaki kwenye mikunjo ya bloku. Ndiyo sababu ya kuisafisha nyumba ya klachi kwa bidii kabla ya kurudisha. Klachi mpya isibebeshwe mzigo mzito wala kuondokewa kwa kishindo katika kilomita mia kadhaa za kwanza. Zikifika kama 500, pima viwango vyote upya, fungua tundu la kukagulia na upitishe kidole ndani, chini ya flaiwili. Kikitoka na vumbi kavu, rudisha kizibo.